Barua Ishirini na Nne za Leida

Septemba 16
Kisiwa chote hiki cha Hiiumaa hakijazaa mtu mwenye bahati kama mimi, Heldur. Miaka thelathini na nane nilikuwa mpishi melini. Nimeizunguka Rasi ya Tumaini Jema nikiwa nimekumbatia sufuria ya kabichi, nimetapikiwa na manahodha watatu, na katika safari zote hizo sijapoteza kitu. Wenzangu walipoteza meno, pete, pasipoti, wake. Mimi hata kijiko sijapoteza. Anayebisha aje nyumbani. Nitampa kahawa kwanza, ubishi baadaye.

Daftari hili nimelinunua dukani Käina kwa sababu daktari kaniambia mstaafu aandike kila siku, akili isiote kutu. Yangu haina kutu. Ila daftari lina picha ya kondoo kwenye jalada, na kondoo yule kaniangalia vizuri.

Septemba 17
Nimechimba viazi. Vikubwa kuliko vya jirani yangu Tarmo. Nimemwambia.

Septemba 19
Kazi kubwa imekamilika leo, lazima niieleze.

Mke wangu Leida, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, aliniandikia barua nikiwa baharini. Ziko ishirini na nne. Zilikuwa darini ndani ya sanduku la tufaha, paa linavuja, ukungu umeanza kuzila pembeni. Ndipo jirani yangu Aita, aliyekuwa mkutubi mjini Kärdla mpaka alipostaafu, akasema, "Mpishi, tuzitie kwenye wiki." Nikamwambia ugonjwa huo siujui. Akacheka mpaka akashika meza.

Sasa naujua. Wiki ni kurasa zako mwenyewe mtandaoni, unaziunganisha unavyotaka: ukurasa wa Leida unakupeleka kwa kondoo, wa kondoo unakupeleka kwenye supu. Tulizipiga barua picha kubwa kubwa, kila moja nzito kama ng'ombe, tukazipakia kwenye ghala la mtandaoni. Kisha kila barua tukaipachika kwenye ukurasa wake. Ukifungua ukurasa, barua hii hapa, mwandiko wa Leida, mpaka doa la kahawa. Aita alikuwa akieleza jambo kuhusu dirisha na chumba, dirisha si chumba, sijui nini, lakini nilikuwa nakaanga dagaa na mafuta yalikuwa yanapiga kelele.

Kila asubuhi nitasoma barua moja na kahawa yangu. Shule nilisoma miaka minane, mengine nilisomea bandarini, na sasa nina maktaba. Nani kama mimi?

Septemba 23
Jumamosi, sauna, bafu letu la mvuke. Nimeiwashia moto kwa barua za karatasi. Zilinuka ukungu, na zote sasa ziko salama juu huko. Leida alipenda sauna kuliko alivyonipenda mimi, nikaona ni heshima. Ziliwaka kwa rangi ya samawati pembeni.

Nilipomwambia Aita akasema, "Zote?" Nikasema zote. Akaenda zake kabla ya kahawa.

Septemba 28
Ghala la mtandaoni limenitumia barua: limejaa. Nilipie nafasi zaidi au nipunguze vitu. Si ajabu, nimeweka humo video zangu thelathini na tano, mimi nikisimulia vichekesho vya kisiwani kwa ajili ya wajukuu. Hazina ya taifa zile. Haziguswi.

Septemba 30
Nimesafisha sauna, nimefagia ua, nimefagia na ghala. Nimetoa mizigo sita ya zamani iliyokwishahamia kwenye wiki. Aliyehamia nyumba mpya anaacha vitanda nyumba ya zamani kwa kazi gani? Pakabaki nafasi. Nimerekodi kichekesho cha mchungaji na ngisi.

Oktoba 4
Mvua. Glavu yangu ya kushoto haionekani. Nani kaichukua?

Oktoba 7
Sauna. Ua. Ghala: mizigo sita mingine nje. Kichekesho kipya, cha Tarmo na jokofu.

Oktoba 8
Siku ya kukamua tufaha kwa Tarmo. Aita alikuwepo, mikono imejaa maji ya tufaha mpaka viwikoni. Tarmo akaniambia mbele ya watu, "Heldur, huyu mama anakuangalia kama kitabu kilichochelewa kurudishwa." Watu wakacheka. Aita akasema, "Kilichochelewa hulipiwa faini." Nimerudi nyumbani na lita arobaini na moyo wa kijana wa miaka ishirini.

Oktoba 14
Sauna, ua, ghala: sita. Upepo umeangusha uzio.

Oktoba 17
Barua ya saba leo. Leida anaandika kondoo kazaa jikoni usiku wa theluji, na kwamba akimwita yule mwanakondoo kwa jina langu anakuja mbio, tofauti na mwenye jina. Nimecheka peke yangu mpaka kahawa ikapoa.

Oktoba 21
Sauna. Ua umeganda. Ghala: sita za mwisho. Sasa ghala ni langu na vichekesho vyangu tu.

Oktoba 25
Hakuna jipya. Aita kaleta mkate wa karoti. Mzuri, umezidi sukari kidogo.

Oktoba 31
Kuna jambo.

Asubuhi nimefungua barua ya kwanza, naipenda kuliko zote. Kwenye ukurasa kuna kisanduku cha kijivu. Ndani yake maneno: "Faili halipo tena, au huna ruhusa ya kuliona."

Sina ruhusa! Barua niliyoandikiwa mimi na mke wangu mimi! Nikafungua ya pili: kijivu. Ya tatu. Mpaka ya sita. Ya saba ipo, kondoo yuko jikoni. Ya nane ipo, mpaka ya ishirini na nne.

Sita zimeondolewa. Kwa mpangilio. Hitilafu haijui kuhesabu. Mtu anajua.

Novemba 1
Nimempigia binti yangu Eneli, yuko Tartu.

"Baba, nani mwingine ana neno lako la siri?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Aita. Yeye ndiye aliyefungua mambo yote."

Kule upande wa pili nikasikia wajukuu wanagombania kitu.

"Baba, simsingizii mtu. Lakini mwanamke anaingia kwako apendavyo, ana neno lako la siri, anakuletea keki. Na barua zinazopotea ni za mama."

"Anazitaka za nini?"

"Hazitaki, baba. Ndiyo maana zinapotea."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mkate wa karoti ule, sasa naufikiria upya.

Novemba 2
Siku ya kuwakumbuka wafu. Nimewasha mshumaa dirishani kwa ajili ya Leida. Saa tisa Aita kaja, na mshumaa wake. Nilimtazama anavyovua viatu. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa kikombe cha Leida, akakifuta vumbi kwa pindo la sweta yake, akakirudisha. Zamani ningeona ni wema. Leo nimejiuliza kwa nini mkono wake unakijua kikombe kile.

Nikamwambia barua sita hazipo. Nilimkazia macho kama ninavyomkazia samaki wa jana.

Akasema bila hata kupepesa, "Umeangalia pipa?"

"Pipa gani?"

"Ghala lako lina pipa la taka. Kitu kikitupwa kinakaa humo kwanza. Fungua kompyuta nikuonyeshe, haraka."

"Nani kakitupa?"

"Heldur, nitajuaje? Aliyetupa ndiye anayejua."

Mwaona! Aliyetupa ndiye anayejua, na anayejua pipa liko wapi ni nani? Mtu akija kukuambia ng'ombe wako yuko nyuma ya kilima gani, kwanza muulize alifikaje huko. Nimemwambia kichwa kinaniuma. Alipoondoka nimebadilisha neno la siri. Pipa sikuliangalia. Siendi njia niliyochorewa na mshukiwa.

Novemba 3
Taa ya jikoni kwa Aita imewaka tangu alfajiri. Anafanya nini alfajiri?

Novemba 4
Sauna peke yangu. Sikufagia kitu.

Novemba 5
Taa yake imewaka tena.

Novemba 7
Sita zingine. Ya saba mpaka ya kumi na mbili. Kondoo wa jikoni kaenda.

Nimebadilisha neno la siri na bado ameingia. Basi si mwizi wa kawaida, ni mwizi aliyesoma. Miaka thelathini kwenye maktaba, kazi yake kujua kila kitu kiko wapi na kukitoa bila kelele.

Nilikwenda dukani Käina kununua chumvi nikamkuta kwenye foleni, ameshika mkate mweusi. Mbele yangu watu watano. Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Mdomo wangu haujawahi kufuata mpango.

"Aita, nirudishie mke wangu."

Duka zima likageuka.

"Nini?"

"Umemtoa sita, ukamtoa sita tena. Umebakiza kumi na mbili. Ukimaliza utataka kiti chake, siyo?"

Uso wake uliingia wekundu kuanzia shingoni. Akaweka mkate juu ya kaunta taratibu, kama unavyomweka mtoto aliyelala.

"Kiti chake," akasema. "Heldur, mimi kiti ninacho. Nilikuja kwako kwa sababu unachekesha." Akamgeukia muuzaji. "Samahani, mkate sitauchukua."

Akatoka. Hakuna aliyecheka. Muuzaji alinipa chumvi bila kuniangalia, na mimi ndiye niliyeibiwa!

Novemba 9
Mkesha wa Mardi, usiku ambao watu wa kijiji huvaa barakoa, kila mmoja akiitwa Mardi, na kupita nyumba kwa nyumba. Nilijua watakuja, nikaweka tufaha na soseji mezani. Waliingia saba, makoti ya ngozi yamegeuzwa nje ndani, barakoa za magunia, ndevu za katani, wakatupa nafaka sakafuni kuniombea mwaka mwema. Wakacheza. Nikasahau shida zangu nikacheza nao. Hakuna anayejua Mardi ni nani, na kumjua ni mkosi. Hata mlevi wa kijiji hajawahi kumvua Mardi barakoa.

Kisha mmoja mfupi akanisogelea sikioni, sauti ya pua kama bata, "Mpishi, angalia pipa. Siku zinakwisha. Mpishi, pipa."

Nilishika barakoa nikavuta.

Aita. Nywele zimemsimama, shavu lina masizi.

Muziki ukakatika. Mardi mkubwa (nadhani Tarmo, kwa tumbo) akasema kwa sauti yake halisi, "Heldur, umefanya nini wee?"

Aita hakulia. Aliokota barakoa yake sakafuni, akaipangusa nafaka. "Nilikuwa sina njia nyingine ya kuingia ndani humu," akasema. "Sasa umeniona. Sitakuja tena." Wakatoka wote saba. Soseji hazikuguswa.

Novemba 10
Nafaka bado ziko sakafuni. Sijafagia.

Novemba 12
Nimemkuta Tarmo barabarani na trekta. Nilimpungia mkono. Aliangalia kioo cha pembeni.

Novemba 14
Nitaandika yote, kalamu isikimbie.

Jana jioni zilikuwepo kumi na mbili. Asubuhi sita zimekwenda: ya kumi na tatu mpaka ya kumi na nane. Humo ndimo lilikuwemo jino la kwanza la Eneli, Leida alilichora pembeni ya karatasi. Nilimpigia askari wa kisiwa. Kijana mpole, ana baridi ya kifua.

"Mzee Heldur, mashtaka ya kusema tu siyawezi. Niletee tarehe. Huyo mama alikuja lini, barua zikapotea lini."

Tarehe ninazo! Nina daftari, nina kondoo kwenye jalada. Nikachukua karatasi nikachora mistari miwili: huku ziara za Aita, huku wizi. Wizi: Oktoba 30 au 31. Novemba 6 au 7. Novemba 13 au 14. Sita, sita, sita. Nikaanza kurudi nyuma kwenye daftari kumtafuta Aita.

Sikumpata Aita. Nilijipata mimi.

Septemba 30: mizigo sita. Oktoba 7: sita. Oktoba 14: sita. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa maharage mezani, kwa sababu vidole sikuviamini. Kutoka kila ufagiaji mpaka kila wizi, siku thelathini. Thelathini. Thelathini.

Nikafungua ghala. Pipa liko pembeni chini, picha ndogo ya ndoo, lilikuwepo muda wote. Juu yake kumeandikwa: "Vilivyotupwa hufutwa kabisa baada ya siku thelathini." Ndani mlikuwa na vitu sita. Barua ya kumi na tisa mpaka ya ishirini na nne. Pembeni ya kila moja: "zimebaki siku 6."

Dirisha si chumba. Sasa nimesikia, dagaa wameiva. Ukurasa wa wiki ulikuwa dirisha, na barua zilikuwa zimekaa ghalani muda wote, mimi nachungulia kupitia dirisha nikidhani zimehamia huku. Nikabomoa chumba. Dirisha likaendelea kuonyesha kilichokuwa pipani, mpaka pipa likamwagwa.

Nilirudisha zile sita, nilibonyeza mara mbili kila moja. Zimerudi. Kumi na nane hazirudi. Siku ile ya mishumaa, Aita aliposema "haraka", zile sita za kwanza zilikuwa zimekwenda tayari. Lakini kumi na mbili zilizofuata zilikuwa hai pipani, zinangoja mtu anyooshe mkono. Zimekufa kwa sababu nilikuwa namshuku mtu aliyekuwa ananionyesha.

Na video zangu thelathini na saba za vichekesho zipo. Zote. Hakuna hata moja iliyopungua.

Novemba 15
Nimezipiga chapa zile sita. Karatasi. Nimemwambia Eneli. Alilia, akasema, "Baba, na mimi nilikuchochea." Nikasema kuni zilikuwa zangu.

Novemba 16
Nimekwenda mpaka lango la Aita. Nimerudi.

Novemba 18
Nimekwenda tena. Taa inawaka. Nimerudi.

Novemba 20
Siku ambayo sita za mwisho zingekufa. Asubuhi nimesoma ya ishirini na mbili, kwenye karatasi. Leida anaandika: "Watu wakikusikia wanadhani wewe hupotezi kitu. Hawajui mimi natembea nyuma yako naokota. Glavu, funguo, kofia, Eneli sokoni Tallinn. Siku nisipokuwepo utafanyaje, mpumbavu wangu?"

Kahawa sikuimaliza.

Novemba 24
Mkesha wa Kadri. Kadri ni ndugu wa Mardi, ila mweupe na msafi: watu huvaa nguo za kike nyeupe, wanaume nao, wanawaombea wenye nyumba kondoo na sufu. Nimevaa shuka, aproni ya Leida, na kitambaa cha mezani usoni chenye matundu mawili. Kilo mia na kumi za Kadri. Nimekwenda peke yangu, wenzangu wasingenichukua.

Aita alifungua. Aliniangalia kuanzia kitambaa mpaka buti.

"Kadri gani huyu mwenye mabega ya jokofu?"

Nikabana pua. "Kadri kutoka mbali, mama mwenye nyumba. Viatu vimelowa, kucha zimeganda, niruhusu niingie."

Desturi humlazimu kumpokea. Akasogea nusu hatua, si zaidi.

"Kadri akija lazima ajibu vitendawili," akasema.

"Leo Kadri anatega."

"Haya, tega."

"Nyumba yangu ina madirisha ishirini na manne, vyumba sita."

Theluji ilikuwa inaingia mlangoni.

"Nyumba ya mjinga," akasema.

"Umepata."

"Sita? Sita tu, Heldur?"

Alikuwa na haki ya kunivua kitambaa, deni lile lilikuwa langu. Mikono yake ilikaa pale pale kwenye aproni yake. Nikakivua mwenyewe. Nikamwambia nilifagia mimi, kwa mkono wangu, kila Jumamosi, na kwamba kama ningeangalia pipa siku aliyoniambia tungekuwa na kumi na nane. Nikamwambia kuhusu barakoa.

"Nilizisoma na wewe," akasema. "Tulipokuwa tunapiga picha. Yule kondoo nilimpenda. Wewe unadhani mimi sikumlilia?" Akageuka, akaenda kwenye droo, akarudi na glavu yangu ya kushoto. "Uliiacha hapa Oktoba. Nilikuwa nikuletee ile siku ya mishumaa."

Nikaishika.

"Sijakusamehe," akasema. "Ulinitukana dukani, utanisafisha dukani. Wakiwepo watu."

"Kesho."

"Wengi."

"Jumamosi wanajaa."

"Basi ingia, unanipoza nyumba. Na hilo shuka livue, linanitia kichaa."

Tumekunywa chai. Ameandika kwenye karatasi kile anachokumbuka cha ile barua ya kondoo, mistari minne. Mimi nikakumbuka miwili.

Novemba 25
Nimesimama mbele ya kaunta saa tano, watu kumi na mmoja, Tarmo akiwemo. Nimesema: Aita hakugusa kitu, ni mimi, na Mardi nilimvua barakoa kwa ujinga wangu. Muuzaji akauliza kama nataka na kitu kingine. Nikasema mkate mweusi, wa Aita.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli mbele ya watu, na wewe kondoo wa jalada usikie. Ukurasa wa kwanza wa daftari hili niliandika kwamba sijapata kupoteza kitu. Uongo. Nilipoteza kila kitu kilichopita mikononi mwangu, na Leida akawa anaokota. Hata vijiko nilipoteza. Mwaka ule wa bandari ya Valparaíso kilibaki kimoja melini, tulikunywa supu kwa zamu.